Adabu za Kubeba na Kulenga Silaha katika Sheria ya Kiislamu

  

Ndugu msomaji, limetufikia swali kutoka Mwandoya, wilayani Meatu, katika mkoa wa Simiyu. Vijana wa Kiislamu wa huko wamejikusanya kujifunza shabaha kwa upinde, na baadhi yao waliopitia mgambo wanajua bunduki pia. Mzee mmoja wa msikitini akawakataza, akisema kuwa huo ni upuuzi wa kidunia na kwamba mwenye silaha asiingie kabisa katika nyumba ya Allah. Wanauliza: je, ni kweli? Na swali lao la pili ndilo lililo zito zaidi: mtu akirusha mshale usiku katika kuitikia yowe la wizi, ukampata asiyekusudiwa akafa, kisha wazee wakatoza ng'ombe na wafiwa wakaridhika, je, kuna kitu kimebaki juu yake?

Tutajibu, In shaa Allah, kwa kufuata zaidi madhehebu ya Imamu Shafi'i (Rahimahullah), kwa kuwa ndiyo yaliyoenea katika nchi zetu hizi.

Kwanza msomaji wa mbali aelewe mazingira. Usukumani upinde si pambo la ukutani. Mchungaji huenda nao malishoni, na mnadani huonekana watu wamebeba podo begani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wanavijiji wa upande wa Kahama walianzisha ulinzi wao uliokuja kuitwa Sungusungu, jina la wale siafu weusi wanaouma. Silaha yao ilikuwa upinde na mshale wenye sumu. Ulinzi huo ukaenea Shinyanga, Mwanza na Tabora, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo ili kuutambua. Meatu wakati huo ilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga, kwani Simiyu ilianzishwa mwaka 2012. Tena katika wilaya hiyo hiyo, na kuelekea Ziwa Eyasi, wapo Wahadzabe ambao mpaka leo huwinda kwa upinde. Basi anayewauliza vijana wa huko kwa nini wanashika mishale ni kama anayewauliza watu wa Kilwa kwa nini wana mitumbwi.

Ama kauli ya kuwa kujifunza shabaha ni upuuzi, haina msingi. Katika Suratul-Anfaal aya ya 60 Allah (s.w.) ameamrisha Waislamu waandae nguvu kadiri wawezavyo, na katika Sahihi Muslim, Uqba bin Aamir (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) aliifasiri nguvu hiyo akiwa juu ya mimbari kuwa ni kulenga, akalikariri neno hilo mara tatu. Neno la Kiarabu ni "ramy", nalo halikufungwa kwenye mshale peke yake, bali ni kila kinachorushwa. Ndiyo maana wanavyuoni wa zama za baadaye hawakupata tabu kuiingiza bunduki ndani yake.

Imamu Shafi'i mwenyewe alikuwa mlengaji hodari. Imepokewa kwake kuwa matamanio yake yalikuwa katika mambo mawili, elimu na shabaha, na kwamba katika shabaha alifikia kiwango cha kupata kumi katika kumi. Aliyemsikia akizungumza hayo akamwambia kuwa katika elimu amefika mbali zaidi. Mwanafunzi wake Al-Muzani anasema kuwa mlango wa mashindano ya mbio na shabaha hakuna aliyemtangulia Imamu katika kuutungia. Ukifungua Minhaj ya Imamu Nawawi utaukuta mlango huo umekaa kati ya mlango wa vyakula na mlango wa viapo. Wanafunzi wetu wengi wanaupita haraka haraka kwa kudhani hauna kazi tena. Kazi unayo, kama tutakavyoona.

Mashindano hayo yalifanyika mbele ya Mtume (s.a.w.). Salama bin Al-Akwa' (r.a.) amesimulia, kama ilivyo katika Bukhari, kuwa Mtume (s.a.w.) aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana, akawahimiza kwa kuwakumbusha kuwa baba yao Ismail (a.s.) alikuwa mlengaji, akajiunga na upande mmoja. Upande wa pili wakazuia mikono yao. Alipowauliza sababu wakajibu kuwa hawawezi kushindana na upande alio nao yeye. Akawaambia waendelee, kwani yeye yuko nao wote. Kama vijana wa Mwandoya watawekewa zawadi ya mbuzi na mtu wa nje, au na mmoja wa washindani peke yake, hakuna ubaya. Wakichanga wote ili mshindi achukue, hiyo inakuwa kamari mpaka aingizwe mshindani wa tatu asiyetoa kitu.

Sasa tuje kwenye silaha msikitini, kwani hapa ndipo mzee wetu aliposhika ukweli nusu. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kuwa mtu mmoja alipita msikitini na mishale ambayo vyembe vyake viko wazi, na Mtume (s.a.w.) akamwamrisha avishike. Na katika riwaya ya Abu Musa Al-Ash'ari (r.a.) amri hiyo imetajwa kwa misikiti na masoko pamoja, na sababu yake ikatajwa: asije akamdhuru Mwislamu yeyote. Tazama kwamba mtu yule hakufukuzwa. Na tunajua kuwa Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.) naye akiangalia. Kwa hiyo kilichokatazwa ni kuingia na chembe wazi, na kuingia na silaha hakukukatazwa.

Lakini hapa pana jambo ambalo imamu wa Usukumani lazima alifikirie kuliko imamu wa Madina. Hadithi inasema ashike vyembe kwa kiganja chake. Mshale wa huko una sumu. Mwenye kuushika kwa kiganja huenda akajimaliza mwenyewe kwa mkwaruzo mdogo tu! Je, atii dhahiri ya hadithi au afanye nini? Jawabu ni kwamba amri imefungamana na sababu yake, nayo ni kuzuia madhara, na nafsi yake yeye ni katika nafsi zilizoharamishwa kudhuriwa. Mwenye mshale wa sumu hatashika chembe bali atakifunika. Wawindaji wa kienyeji wanalijua hili kwa uzoefu. Wahadzabe hufunga ukanda wa ngozi kwenye sehemu iliyopakwa sumu, na hawaufungui mpaka wakati wa kutumia. Huo ndio utekelezaji wa hadithi kwa mshale wa aina hiyo. Na msikitini tunasema zaidi: podo liwe na kifuniko na litundikwe mahali pa juu ambapo mtoto hafiki, lisilazwe katika safu ambapo watu husujudu. Bunduki nayo itolewe risasi kabla ya kuingia, na mtutu usielekee mtu. Msikiti wenye mahali maalumu pa kuhifadhi silaha kwa ufunguo na mwangalizi umefanya vyema zaidi.

Hadithi nyingine, ambayo natamani ibandikwe katika kila uwanja wa shabaha, ni ile ya Abu Huraira (r.a.) katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) amekataza mmoja wetu kumwelekezea ndugu yake silaha, kwa sababu hajui, huenda Shetani akauvuta mkono wake, akatumbukia katika shimo la Moto. Katika lafudhi ya kitendo hicho cha Shetani zipo riwaya mbili. Moja ni kwa herufi 'ayn, "yanzi'u", yaani anauvuta mkono wenyewe mpaka silaha ipige. Ya pili ni kwa ghayn, "yanzaghu", yaani anachochea, moyo unabadilika na mzaha unageuka ugomvi. Nukta moja juu ya herufi imetupa milango miwili ya ajali. Katika mlango wa pili nia imeharibika. Katika wa kwanza nia ni salama kabisa, mkono tu umeteleza. Na adhabu iliyotajwa ni moja, kwa sababu kosa lilianza pale alipoelekeza. Katika riwaya ya Muslim imekuja kuwa Malaika humlaani mwenye kumwelekezea ndugu yake chuma, hata akiwa ndugu wa baba na mama. Yaani hata mahali ambapo hakuna uadui wa kudhaniwa. Pia amekataza mtu kupokezwa upanga ulio nje ya ala, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Jabir (r.a.).

Linganisha na yale yanayofundishwa leo. Mmarekani Jeff Cooper, aliyefariki mwaka 2006, ndiye aliyeeneza kanuni nne ambazo karibu kila klabu ya shabaha duniani inazifuata: uihesabu kila bunduki kuwa ina risasi, usiuelekeze mtutu kwenye kitu usichokuwa tayari kukiangamiza, kidole kiwe nje ya kifyatulio mpaka macho yako yawe juu ya shabaha, na uijue shabaha yako pamoja na kilicho nyuma yake. Kanuni ya pili Mwislamu anayo kwa zaidi ya miaka 1,400. Ya kwanza nayo inatoka katika neno lile lile la Mtume (s.a.w.), "hajui". Mwenye gobole anayesema "nina hakika haina kitu" ndiye anayepaswa kuogopwa, kwa kuwa gobole hushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu, na kuliangalia tu hakumwambii mtu kama limeshindiliwa au la.

Kuhusu shabaha yenyewe, isiwe kiumbe hai. Ibn Umar (r.a.) aliwapita vijana wa Kikuraishi wamemfunga ndege wanamlenga, wamekubaliana na mwenye ndege kuwa kila mshale uliokosa ni wake. Walipomwona wakatawanyika. Akawaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kufanya hivyo. Wachungaji wadogo wanaojifunza kwa kulenga kuku na mijusi waambiwe haya. Na wenye manati wakumbushwe hadithi ya Abdullah bin Mughaffal (r.a.) juu ya kurusha vijiwe kwa vidole, kwamba havipati windo wala havimwumizi adui, bali vinavunja jino na kung'oa jicho. Jamaa yake alipoendelea baada ya kuisikia, Abdullah aliapa kutosema naye.

Ama desturi ya uwanja, nayo tunaipata kwa Uqba bin Aamir (r.a.) yule yule. Waarabu walikuwa wakiweka shabaha mbili zinazotazamana. Watu hulenga kutoka huku, kisha hutembea mpaka kule, huokota mishale yao na kulenga kurudi. Mtu mmoja alimwona Uqba akienda na kurudi baina ya shabaha hizo hali ni mzee na inamtaabisha, akamsemesha juu yake. Uqba akamjibu kuwa lau si jambo alilolisikia kwa Mtume (s.a.w.) asingejitaabisha: kwamba aliyejifunza kulenga kisha akaacha si katika sisi, au ameasi. Ameipokea Muslim. Watu wa mgambo na JKT wanalijua vizuri joto la kutembea baina ya mstari wa kulengea na shabaha. Sasa fikiria, watu wakiwa wametangulia kuokota mishale na mmoja nyuma akachelewa akaachia upinde wake, itakuwaje? Ndiyo maana katika viwanja vya leo yupo msimamizi mmoja ambaye amri ni yake peke yake. Watu wakienda mbele hakuna anayegusa silaha, hata kuifuta vumbi. Akisema simama, kila mtu husimama.

Wanafiqhi wametaja kisa kinachonasibishwa kwa Sayyidna Ali (r.a.), kwamba kijana alimvunja mwenzake jino katika mchezo, ikathibiti kuwa alipiga ukelele wa kutahadharisha kabla ya kurusha, akaondolewa kisasi. Kutokana na hapo wamesema kuwa aliyetahadharisha ana udhuru. Lakini wameweka sharti: aliyetahadharishwa awe amesikia na awe na uwezo wa kuepuka. Kusema "tahadharini" kwa sauti ya chini huku mwenzako yuko hatua mia moja akiokota mishale hakumwondolei mtu dhamana.

Wakufunzi nao wajue kuwa Imamu Nawawi, katika mlango wa mambo yanayowajibisha diya, anataja kuwa mtoto aliyekabidhiwa kwa mwogeleaji ili amfundishe akazama, diya yake inawajibika. Hapo hapo anataja mwenye kumpigia kelele mtoto asiyepambanua aliye ukingoni mwa dari akaanguka akafa, kisha anasema kuchomoa silaha hukumu yake ni kama kelele. Kwa hiyo aliyefungua uwanja wa shabaha akapokea watoto wa watu amebeba amana. Asiseme "walikuja wenyewe". Na sheria ya nchi pia haijanyamaza: Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye bunduki awe na leseni na aihifadhi kwa usalama. Kuwa na gobole la kificho kunamweka Mwislamu katika hatari ya jela bila ya faida ya kisheria.

Je, mafunzo haya yana faida gani siku ya shida? Jirani zetu Kenya walionja tarehe 21 Septemba 2013 pale Westgate, Nairobi. Raia wenye leseni za bastola waliingia pamoja na askari wachache kuokoa watu, na miongoni mwao alikuwa ndugu yetu Abdul Haji, ambaye baadaye akawa Seneta wa Garissa. Waislamu wakaona kwa macho yao kuwa aliyejifunza kulenga anaweza kuwa sababu ya uhai. Lakini siku hiyo hiyo polisi na wanajeshi walikutana ndani ya jengo bila kutambuana, na afisa wa polisi akauawa kwa risasi za upande wake. Waliomuua hawakuwa wajinga wa silaha. Walikosa kitu kimoja tu, kumjua aliye mbele yao.

Hilo linaturudisha Mwandoya na swali la pili. Wasukuma wana mwito wao wa hatari, mwano. Ukipigwa usiku, kila mwanamume hutoka na silaha, na kutotoka ni aibu. Giza, kelele, ng'ombe wanakimbia, na watu kutoka vijiji vitatu wasiojuana. Mwenye kuachia mshale hapo anaachia kwa kivuli.

Msiba wa namna hii ulitokea mbele ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Siku ya Uhud safu zilipochanganyika, Waislamu walimshambulia Al-Yaman, baba yake Hudhaifa (r.a.), kwa kudhani ni adui. Hudhaifa akapiga kelele kuwa huyo ni baba yake, lakini hawakumwacha mpaka wamemuua. Akawaombea msamaha kwa Allah. Na imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alitaka kumtolea diya, naye Hudhaifa akaisamehe, akaiacha kuwa sadaka kwa Waislamu.

Hukumu iko katika Suratun-Nisaa aya ya 92. Kuua kwa makosa kuna mambo mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni diya, nayo ni haki ya warithi. Asili yake ni ngamia mia moja. Inabebwa na 'aqila, yaani jamaa wa kiume wa upande wa baba isipokuwa baba na watoto wa muuaji, kwa muda wa miaka mitatu. Umar (r.a.) aliwakadiria wenye ng'ombe kuwa ng'ombe mia mbili, kama ilivyo katika Abu Daud. Warithi wakiridhia pungufu, au wakisamehe, limekwisha. Hivyo ng'ombe waliotozwa na wazee, kama warithi wote wameridhika bila kushurutishwa, wanamtosha kwa upande huu. Hilo halizuii Polisi na mahakama kufanya kazi yao, na kuwaficha ni kosa jingine.

La pili ni kafara, nayo ni haki ya Allah (s.w.). Haiwezi kusamehewa na warithi, wala na mtemi wa Sungusungu, wala na imamu. Kwa kuwa mtumwa wa kumwacha huru hapatikani leo, inabaki saumu ya miezi miwili mfululizo. Akifungua siku moja bila udhuru anaanza upya. Asiianze katika Shaaban, wala katika mwezi utakaomkutanisha na Idi. Asiyeweza kufunga, kauli yenye nguvu kwetu ni kuwa hakuna kulisha masikini katika kafara ya kuua, tofauti na kafara ya dhihari, kwa kuwa aya haikutaja kulisha. Basi saumu inabaki katika dhima yake mpaka aweze.

Na kama wamelenga watu watano mishale ikampata mmoja akafa kwa yote? Diya ni moja, wanagawana. Kafara, kwa kauli sahihi zaidi, ni ya kila mmoja kamili. Wasidhani kuwa wingi unapunguza miezi. Wala wasidhani kuwa aliyekufa akiwa si Mwislamu mambo haya hayapo. Aya imewataja pia watu ambao baina yetu na wao kuna ahadi, ikawawekea diya na kafara. Katika vijiji vya Simiyu ambako Waislamu ni wachache na wengi wa majirani ni wa dini nyingine, nukta hii ndiyo yenye kuhitajiwa zaidi.

Haya yote ni kwa aliyekosea. Ama wale wanaotoka usiku kumuua kikongwe kwa sababu macho yake ni mekundu wakamwita mchawi, jambo lililoitia aibu kanda yetu kwa miaka mingi, hao hawamo katika mlango wa makosa. Hao wanasomewa aya inayofuata, ya 93.

Limebaki suala dogo la nyama, ambalo vijana hawakuuliza ila litawakuta. Windo lililouawa kwa mshale wenye sumu, ikidhaniwa kuwa sumu imesaidia kuua, halali kwa wanavyuoni wengi haliwi, kwa kuwa sababu mbili zimekutana, moja inahalalisha na nyingine inaharamisha. Likikutwa hai kwa uhai uliotulia likachinjwa, linaliwa kama sumu iliyomo haimdhuru mlaji. Ama windo la risasi wanavyuoni wamekhitalifiana. Jina la bunduki kwa asili linatokana na "bunduq", kidonge cha udongo, na waliokataza wamekisia kwa hicho, kwa kuwa kinaua kwa kishindo wala hakikati. Shaukani na wengineo wamehalalisha kwa kuwa risasi inatoboa. Mwenye kutaka salama afike na kisu mapema. Na awe na kibali, maana pori la Maswa lina wenyewe.

Wallahu a'lam.